Swali la Juu ni Lipi? Mtungi wa Maji na Ngazi Sita za Kufikiri Darasani

Jioni moja jirani yangu alibisha hodi akiwa na daftari la mwanawe wa darasa la sita. "Mwalimu, hebu niangalizie. Mtoto kakosa nini hapa?"

Swali lilisema: Pendekeza njia tatu za kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mtoto alikuwa ameandika kupanda miti, kulima kwa matuta, na kupanda majani ya tembo kwenye kingo za matuta. Majibu mawili ya kwanza yana vema, la tatu lina kosa la wino mwekundu. Nikafunua kurasa za nyuma, nikakuta notsi za somo hilo: kupanda miti, kulima kwa matuta, kutolisha mifugo mingi eneo moja. Basi. Majani ya tembo hayamo.

Mtoto hakuyaokota hewani majani hayo. Babu yake anaishi Lushoto, na kila likizo amepita kwenye miteremko ile ya Usambara ambako wakulima huyapanda ili mizizi ishike udongo wa tuta usiporomoke. Aliambiwa apendekeze, akapendekeza alichokiona kwa macho yake kikifaa. Alama akanyimwa, kwa sababu swali lile, pamoja na neno lake "pendekeza", lilikuwa linadai kumbukumbu ya notsi.

Simsemi mwalimu yule kwa ubaya. Nami nilisahihisha hivyo kwa miaka mingi kabla sijaelewa nilichokuwa nakifanya, na walimu wengi wazuri ninaowafahamu walifundishwa hivyo hivyo. Lakini mkanganyiko huu sasa umekuwa mkubwa na unagusa kila nyumba yenye mwanafunzi. Hapa Tanzania mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024, na neno "umahiri" limejaa katika kila andalio la somo. Kenya wenzetu walianza majaribio ya mtaala wa umilisi mwaka 2017, wakauanzisha rasmi nchi nzima 2019. Pande zote mbili mwalimu anaambiwa atunge maswali ya "ngazi za juu", na mzazi anaambiwa mtoto asikariri. Mzazi akiuliza ngazi hizo ni zipi na zinatambulikaje, mara nyingi hupewa orodha ya vitenzi tu. Orodha hiyo ndiyo iliyomponza mtoto wa jirani yangu.

Ngazi ya kufikiri maana yake nini

Ngazi ya kufikiri ni aina ya kazi ambayo akili inalazimika kuifanya ili ifike kwenye jibu. Tusiichanganye na urefu wa jibu, wala na ukali wa neno lililoanza swali.

Tuanze jikoni, kwa pilau. Mtu anaweza kukutajia viungo vyote: binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Huko ni kukumbuka. Akikueleza kwa maneno yake kwa nini vitunguu huachwa vikaangike mpaka viwe vya kahawia, kwamba rangi ya pilau inatoka hapo, ameelewa. Aliyezoea kupikia watu watano akipewa sufuria la watu arobaini akayapima maji na mchele upya, anatumia alichojifunza mahali papya. Pilau ikitoka bokoboko, akakaa akachunguza kosa limeingilia wapi, kwenye maji, kwenye moto au kwenye aina ya mchele, huko ni kuchambua. Akionja pilau za wapishi wawili akaamua nani apewe shughuli ya harusi, tena akatoa sababu zinazopimika, anatathmini. Na siku amekosa nyama akaunda pilau yake ya dagaa ambayo hakufundishwa na mtu, ikalika, amebuni.

Ndizo hizo ngazi sita: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni.

Mpangilio wake una historia fupi inayofaa kujulikana, maana inaondoa hofu. Mwaka 1948 watahini wa vyuo vikuu vya Marekani walikutana Boston pembeni ya mkutano wa wanasaikolojia. Walikuwa na tatizo la kikazi kabisa: walitaka kubadilishana maswali ya mitihani kati ya chuo na chuo, na hawakuwa na lugha moja ya kusema swali hili linapima nini. Benjamin Bloom, aliyekuwa akisimamia mitihani katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliongoza kazi hiyo, na kitabu kikatoka 1956. Mwaka 2001 kundi lililoongozwa na Lorin Anderson na David Krathwohl, ambaye alikuwamo tangu kazi ya kwanza, lilirekebisha mpangilio: majina yakawa vitenzi, na kubuni kukawekwa juu ya kutathmini. Ile piramidi ya rangi inayobandikwa kwenye kuta za vyuo vya ualimu haikuwamo katika kitabu cha 1956. Ilichorwa baadaye na watu wengine.

Kwa hiyo ngazi hizi zilizaliwa kwa ajili ya kupanga maswali, kama muuza duka anavyopanga bidhaa kwenye rafu ajue kipi kimejaa na kipi kimepungua. Hazikuzaliwa kwa ajili ya kupanga watoto. Nimewahi kusikia mwalimu akisema "huyu ni mtoto wa kukumbuka tu," nikasikitika sana. Hakuna mtoto wa namna hiyo.

Kitendawili husikika mara mbili

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo, na hapa sihitaji mfano wa Chicago. Utamaduni wetu unao.

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Nyumba yangu haina mlango."

Mtazame mtoto anayekisikia kwa mara ya kwanza. Macho yanakwenda juu. Anapitisha vitu kichwani: kopo, jiwe, nazi. Anavichuja. Ikiwa ni nyumba, basi kuna kinachokaa ndani. Ikiwa haina mlango, basi kinachokaa ndani kikitaka kutoka lazima kivunje ukuta. Yai! Akili imechambua, imelinganisha, imetupa majibu mabovu ikabakiza zuri.

Kesho yake usiku mtege kitendawili hicho hicho. Hujamaliza kusema "haina", kashajibu: yai. Maneno ni yale yale, jibu ni lile lile, na mtoto ni yule yule. Kazi ya akili imebadilika kabisa. Jana alichambua, leo amekumbuka.

Ukikielewa hicho, umeelewa kinachowasumbua watu wengi katika jambo hili. Swali halina ngazi likiwa peke yake kwenye karatasi. Ngazi hupatikana pale swali linapokutana na mtoto fulani ambaye tayari amefundishwa vitu fulani. Chukua swali la historia: Chambua sababu za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Linasikika la juu. Lakini kama sababu tano ziliandikwa ubaoni wiki iliyopita na mtoto akazinakili, atakachofanya kwenye mtihani ni kuzitapika kwa mpangilio ule ule. Neno "chambua" halitabadilisha kitu. Na chukua hili: Taja kitu kimoja hapa darasani ambacho kingekuwa tofauti kama maji yasingeweza kugeuka mvuke. Limeanza na "taja", neno ambalo orodha zote zinaliweka chini kabisa. Jaribu kulijibu mwenyewe uone.

Ndiyo maana ile karatasi ya vitenzi inayopitishwa kwenye semina za walimu, "ukitaka ngazi ya chini tumia taja, ukitaka ya juu tumia tathmini", inasaidia kidogo na inapotosha sana. Mwalimu anabadilisha kitenzi cha mwanzo, swali linabaki lile lile, na mthibiti ubora akipita anakuta andalio la somo limependeza. Kabla ya kuandika swali lolote mwalimu anatakiwa ajiulize jambo moja: jibu la swali hili limeandikwa mahali popote kwenye daftari la mtoto? Likiwa limeandikwa, hilo ni swali la kukumbuka, hata lianze na neno gani.

Mtungi na ndoo

Nichukue somo moja nilifungue mpaka ndani. Darasa la tano, sayansi, mada ya mvukizo, yaani maji kugeuka mvuke na kupotelea hewani. Mwalimu anafika na vitu viwili: mtungi wa udongo na ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Vyote vimejazwa maji ya bomba lile lile tangu jana jioni, vikalala kwenye chumba kimoja. Mtoto mmoja anaitwa aweke mkono kwenye maji ya kila chombo. Anashtuka. Ya mtungi ni baridi.

Maswali ya kukumbuka hapa ni mepesi kutunga: mvukizo ni nini, maji yana hali ngapi. Yaulizwe. Ya kuelewa pia hayasumbui, ila mwalimu amkataze mtoto kutumia maneno ya notsi: mweleze mdogo wako wa chekechea nguo iliyoanikwa inakaukaje. Hapo utasikia mambo. Wako watakaosema maji "yameisha". Wako watakaosema yamedondoka chini yote. Na wengi huamini kwamba maji mpaka yachemke ndipo yageuke mvuke, kwa sababu mvuke waliowahi kuuona ni ule wa sufuria. Mwalimu asiharakishe kusahihisha. Aulize kanga iliyoanikwa uani ilichemka saa ngapi. Swali hilo dogo lina nguvu kuliko nusu saa ya maelezo.

Kutumia: dagaa wanaanikwa wakauke. Mvuvi mmoja wa Ziwa Victoria anawatandaza mchangani, mwingine anawatandaza juu ya chanja. Mtoto anayejua kwamba maji hupotelea hewani anaweza kukwambia wa nani watawahi kukauka, kwa kuwa juu ya chanja hewa inapita pande zote mbili.

Kisha turudi kwenye mtungi, kwa sababu hapa ndipo palipo utajiri. Kwa nini maji ya mtungi ni baridi na ya ndoo siyo? Usiwape jibu. Waache waupapase mtungi nje. Watagundua umelowa, unatoa jasho. Ndoo ni kavu. Mtoto mmoja atasema mtungi unavuja. Vizuri, andika ubaoni. Mwingine atasema unavuja kidogo kidogo, mbona sakafuni hakuna dimbwi? Maji yanakwenda wapi basi? Sasa darasa zima limekamatwa. Maji yanapenya kwenye vitundu vidogo vya udongo, yanafika nje, yanageuka mvuke, na ili yageuke mvuke yanahitaji joto. Joto hilo yanalichukua wapi? Mtoto aliyetoka kuoga na kupigwa na upepo analijua jibu hilo kwa ngozi yake. Yanachota joto la mtungi na la maji yaliyobaki ndani.

Huko ndiko kuchambua: kuvunja jambo katika vipande na kuona kipande hiki kinafungamanaje na kile. Angalia pia kwamba swali hili lina uhai mara moja tu. Mwakani, kama mwalimu ameliandika na jibu lake kwenye notsi, limekufa kama kitendawili cha jana. Litabaki zuri kwa kukumbusha, lakini ukitaka kujua nani ameelewa, unahitaji jipya. Kwa mfano: mama kaona mtungi wake umefubaa, akaupaka rangi ya mafuta nje upendeze. Maji yatakuwaje? Aliyekariri "maji ya mtungi ni baridi" ataandika baridi. Aliyeelewa ataona kwamba rangi imeziba vile vitundu, jasho halitoki, na mtungi umekuwa kama ndoo.

Kutathmini ni kuamua kwa kigezo. Hapa walimu wengi huteleza, wakauliza "kipi ni bora, mtungi au ndoo?" wakapokea kila jibu kama maoni. Maoni matupu hayapimiki. Mpe mtoto kigezo au mlazimishe akitaje mwenyewe: shule ina watoto mia tano, iko umbali wa kilomita mbili kutoka kisimani, na fedha zinatosha kununua aina moja tu ya chombo. Sasa lazima apime ubaridi dhidi ya uzito, dhidi ya kuvunjika, dhidi ya usafi wa kuchotea. Wawili wanaweza kuhitimisha tofauti na wote wakapata alama zote, kama wamepima kwa haki.

Na kuna swali moja la mtungi ninalolipenda kupita yote. Tumechukua mitungi miwili inayofanana, mmoja tumeupeleka Dodoma, mwingine Tanga. Wapi maji yatapoa zaidi? Wengi watasema Dodoma, kwa kuwa hewa ya bara ni kavu na inapokea mvuke kwa urahisi, tofauti na hewa ya pwani iliyokwisha jaa unyevu. Sawa kabisa. Kisha atatokea mtoto mmoja aseme: "Lakini mwalimu, Dodoma kwenyewe usiku ni baridi kuliko Tanga. Tutajuaje kama ni ukavu au ni ubaridi wa mahali?" Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mtoto huyo amegusa tatizo ambalo wanasayansi hulifanyia kazi maisha yao yote. Mwambie apange jaribio la kutenganisha hayo mawili. Huko ni kubuni, na hakuna katoni wala gundi iliyotumika.

Mambo yanayosemwa ambayo si kweli

Nimegusia katoni kwa sababu wazazi wengi wamechoka nazo. Kazi ya nyumbani inasema "unda mfano wa nyumba ya asili", mzazi anahangaika usiku kutafuta maboksi, anakata, anagundisha, mtoto anasinzia kitini. Asubuhi kazi inapata sifa. Kubuni si kutengeneza kitu cha mikono. Mfano ulionakiliwa kutoka kwenye picha ni kunakili, hata uwe mzuri namna gani, na uliotengenezwa na baba haumwambii mwalimu chochote kuhusu mtoto. Kazi ya kubuni hutambulikana kwa mipaka yake: mtoto amepewa lengo, amewekewa masharti, na njia ya kufika hakuonyeshwa. "Tengeneza chombo cha kupozea chupa moja ya maji bila umeme, kwa vitu vilivyomo nyumbani ambavyo havinunuliwi, kisha eleza kwa nini umechagua hivyo" ni kazi ya kubuni. Kitambaa kilicholoweshwa kikazungushwa chupani kinatosha. Gharama yake ni sifuri, na mzazi anaweza kulala.

Jambo la pili linalosemwa ni kwamba swali gumu ndilo la juu. Siyo. Kutaja nchi zote za Afrika na miji mikuu yake ni kugumu, watu wazima wengi hawawezi, lakini ni kukumbuka tupu. Kumuuliza mtoto wa miaka mitano kwa nini kanga ya mama imekauka mapema kuliko blanketi ni rahisi, na ni kuchambua. Ugumu na ngazi ni mizani miwili tofauti. Anayevichanganya hutunga mtihani wa vitu vya kukariri vilivyojificha, akadhani amepima fikra.

Tena si kweli kwamba ngazi za juu ni za watoto wenye akili nyingi, au za sekondari, au za kufikiwa baada ya kumaliza za chini zote. Hata marekebisho ya 2001 yalikubali kwamba ngazi zinaingiliana. Somo la mtungi linaweza kuanza na ule mshtuko wa mkono kwenye maji, na tafsiri ya mvukizo ikaja mwishoni, wakati watoto wenyewe wanatafuta neno la kuita kitu walichokwisha kukiona.

Lakini kuna kosa la upande wa pili linalonitia wasiwasi zaidi siku hizi, nalo ni kudharau kukumbuka. Baada ya kusikia "tusikaririshe", wako walioacha hata jedwali la kuzidisha. Mtoto asiyejua kwamba maji hugeuka mvuke hawezi kuuchambua mtungi, hata umpe siku nzima. Asiyejua 7 mara 8 hutumia nguvu zake zote hapo, na fumbo la hesabu linabaki halijaguswa. Kumbukumbu ni akiba. Hakuna anayepika kwa ghala tupu. Ubaya unaanza pale mwalimu anapojaza ghala miaka saba na hata siku moja hajamwambia mtoto apike.

Na maswali ya kuchagua hayapimi kukumbuka peke yake. Lile la mtungi uliopakwa rangi linaweza kuandikwa kwa A mpaka D, kila jibu la uongo likiwa limebeba kosa ambalo watoto hulifanya kweli: maji yatakuwa baridi zaidi kwa sababu rangi inazuia jua, yatakuwa baridi vile vile kwa sababu ni mtungi, na kadhalika. Kutunga swali moja la aina hiyo huchukua muda kuliko kutunga kumi ya kumbukumbu, nami sitamlaumu mwalimu mwenye vipindi vingi kwa siku akishindwa. Hata mawili kwa mtihani mmoja yanabadilisha mengi.

Ipo njia rahisi ya kujikagua: jedwali la utahini. Mada zishuke upande mmoja, ngazi ziende upande mwingine, kila swali la mtihani lipigiwe kijistari kwenye kisanduku chake. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza na mtihani wangu wa zamani, ambao niliuona mzuri sana, karibu vijistari vyote viliangukia safu ya kwanza. Ilinichukua siku kadhaa kulikubali.

Darasa la watoto tisini

Najua kinachofuata. "Hayo ni ya watoto ishirini wenye viti. Njoo kwangu wako tisini." Ni hoja ya kweli, na haijibiwi kwa hotuba. Najibu kwa mambo niliyoyaona yakifanyika kwenye madarasa ya namna hiyo.

La kwanza ni kunyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika kazi zake za miaka ya 1970, alipima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde moja. Walimu waliojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde moja inatosha kukumbuka. Haitoshi kuchambua. Kwa hiyo swali la mtungi likiulizwa na mwalimu asiyesubiri, mtoto hana namna ila kutafuta kwenye kumbukumbu, na swali limeshuka ngazi bila neno hata moja kubadilishwa. Uliza, nyamaza, hesabu moyoni, ndipo umtaje wa kujibu. Ukitaja jina kwanza, wengine themanini na tisa wameshapumzika.

La pili, wageuzie wazungumze wawili wawili. Dakika moja kila mtu na jirani yake wa dawati, kisha uite jozi tatu tu. Kelele zitakuwepo. Ni kelele za kazi.

Na hapo pana jambo la lugha ambalo sekondari za Tanzania haziwezi kulikwepa. Mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza anaulizwa swali la kuchambua kwa Kiingereza. Mtungi anaujua, jasho lake analijua, sababu anaihisi. Maneno hana. Anakimbilia sentensi aliyoinakili ubaoni kwa sababu ndiyo pekee anayoweza kuiandika bila kukosea, na mwalimu anahitimisha kwamba hawezi kufikiri. Wakizungumza kwanza na jirani kwa lugha waliyoizoea, fikra inazaliwa nzima. Kuivika Kiingereza ni kazi inayofuata, ya pembeni, na mwalimu anaweza kusaidia.

La mwisho ni kalamu nyekundu. Unaweza kutunga swali la juu, ukasubiri vizuri, kisha ukaliua kwenye kusahihisha. Mwongozo wa kusahihisha wenye majibu matatu yaliyofungwa hauwezi kupima pendekezo. Uandikwe kwa kigezo: njia iliyotajwa inapunguza kasi ya maji, au inashika udongo, au inaufunika? Na mtoto ametoa sababu? Mwenye majani ya tembo angepita hapo kichwa juu.

Nilimwambia jirani yangu amlete mtoto mwenyewe. Akaja, akakaa ukingoni mwa kiti, akidhani anakuja kukaripiwa. Nikachora mteremko nyuma ya daftari lake, matuta matatu, nyumba ya babu juu, mto chini. Nikamwambia achore majani yake ya tembo mahali yanapofaa. Akayachora kwenye kingo, siyo katikati ya shamba. Nikamuuliza, "Na mbuzi wa babu wakiingia hapa wakayala?"

Akanyamaza. Mama yake akataka kumsaidia, nikamwomba asubiri.

"Hawaingii," akasema baadaye. "Babu anayakata, anawapelekea zizini. Wakiingia wenyewe watakanyaga kingo, udongo utaondoka tena." Akatazama kurasa za notsi zake, kule kwenye njia ya tatu, ile ya kutolisha mifugo mingi eneo moja. "Kumbe ndiyo hii," akasema.